Bata Maji na Kopo la Chumvi

Mtaa huu mzima unanijua kama mfasiri wa ndoto, na cheo hicho sikukiomba mimi. Kilinijia chenyewe. Jirani yangu mmoja aliota samaki wawili ndani ya beseni, nikamwambia, kwa utani tu, kwamba atazaa wawili. Akazaa wawili. Yeye akapata jina la Mama Pacha, na mimi tangu siku ile sina raha. Nikiwa kwenye cherehani, hodi: shangazi, nimeota nimeng'oka jino. Nikiwa bafuni natoa povu machoni, hodi: shangazi, nimeota nyoka kalala ndani ya kiatu. Nawajibu wote. Jino, nyoka, mafuriko, kukimbizwa na ng'ombe, kufanya mtihani bila nguo, hayo yote nayajua. Tena neno "sijui" halijawahi kutoka kinywani mwangu tangu nianze kazi hiyo.

Sasa sikilizeni lililonipata.

Ninaishi na binti wa kaka yangu. Kaka na wifi walitangulia mbele ya haki binti akiwa hajafikia meza kwa urefu, nikamchukua, nikamlea, na hadi leo amepita umri wa kuitwa msichana bado tuko nyumba moja. Tunamwita Mkunjo. Anafanya kazi chumba cha kufulia katika nyumba ya wageni kule barabara kubwa, na ugonjwa wa kazi ameuleta nyumbani: anakunja kila kitu. Mfuko wa mkate ukiisha mkate, anaukunja. Gazeti la juzi, anakunja. Mimi mwenyewe nikikaa sana sehemu moja nahofia.

Alhamisi asubuhi alikuja jikoni amevaa sare yake ya kazi, akakaa, hakugusa chai.

"Shangazi, nimeota."

"Ota tu, mwanangu, ni bure. Umeota nini?"

"Bata maji."

Nikashusha kikombe. "Bata gani?"

"Bata maji. Yule mweupe, mwenye shingo ndefu. Si unamjua?"

"Namjua sana," nikasema.

Simjui hata kidogo. Nilimwona mara moja kwenye mfuniko wa bati la biskuti, basi. Bata wa kawaida namfasiri nimefumba macho, lakini huyu wa shingo ndefu hajawahi kuotwa na mtu yeyote mtaani kwetu.

"Alikuwa majini," Mkunjo akaendelea, "karibu na ukingo. Akanitazama. Kisha akageuka, akaenda zake. Imenijia jana, na juzi, na juzi ile nyingine. Ndoto ile ile. Maana yake nini, shangazi?"

Hapa inabidi niwaeleze sheria ya nyumbani kwetu. Sisi tunaamini kwamba ndoto hukaa pale inapowekwa na mtu wa kwanza kuifasiri. Ukimsimulia mpuuzi akakwambia msiba, umeupata msiba. Ndiyo maana mtoto wa nyumba hii akiota haropoki huko nje, huniletea mimi kwanza, na nikishatamka imetoka, hairudi. Mkunjo alikua ndani ya sheria hiyo. Nikimwambia leo usivae viatu vyekundu, havai.

Na safari hii haikuwa habari ya viatu. Yuko mwanaume mmoja, fundi wa mashine za kufulia, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, ambaye zile mashine za nyumba ya wageni zilikuwa zinamharibikia kila wiki tangu alipomwona Mkunjo. Alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha ufuaji katika mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima. Anaondoka Jumapili. Kabla ya kuondoka alikuwa amemwomba Mkunjo wafunge ndoa na aende naye, na Mkunjo akamjibu kwamba atampa jibu kabla hajapanda basi. Wazee wa pande zote walishakaa, walishakubaliana. Lililobaki ni neno lake yeye tu. Sasa neno hilo lilikuwa limekwama kwenye shingo ya bata.

"Nifasirie, bora nichelewe kazini niwe nimejua," akasema. "Utakalosema, ndilo nitakalomjibu Fundi."

"Hee! Ndoto ya ndege haifasiriwi kabla chai haijashuka."

"Mbona ya Mama Pacha ya kunguru uliifasiri akiwa bado mlangoni?"

"Kunguru ni kunguru! Nenda kazini, usinifundishe kazi yangu. Nitakwambia kesho."

Akaenda. Akaacha bakuli lake la chakula mezani, yeye ambaye hajawahi kusahau hata kitambaa cha pua.

Sikungoja. Nikajitanda kanga, nikapitia ua wa nyuma hadi kwa Mama Pacha, kwa sababu Mama Pacha ana simu inayojibu maswali. Nikamwambia kuna mtu, simtaji, kaota bata maji.

"Mkunjo, eh?"

"Nimesema simtaji!"

Akaandika, akasoma kwa sauti. Bata maji ni mapenzi. Bata maji ni safari. Ni utajiri unaokuja. Ni urembo. Ni utulivu wa nyumba. Ni mjane. Ni kifo cha mtu wa karibu. Ni mtu wa karibu kupona. Yaani huyo ndege alikuwa na maana zote isipokuwa mafua.

"Na hapa," Mama Pacha akasema, akisogeza simu mbali na macho, "wanasema akikugeuzia mgongo, usimfuate, kaa ulipo. Basi chagua, jirani. Unataka ipi?"

Nikaaga, nikatoka. Maana mimi nilikuwa naijua ninayoitaka, na nasema wazi, sina haya: nilitaka abaki. Nani angenifungulia dirisha lile gumu asubuhi? Nani angenicheka nikigombana na redio? Nyumba ile bila Mkunjo ilikuwa inanitisha kuliko nyoka wote niliowahi kuletewa. Na hii hapa tafsiri imeshapikwa na kupakuliwa: kakugeuzia mgongo, usimfuate, kaa ulipo. Hata kusema uongo sikuhitaji. Ilikuwa imeandikwa.

Usiku sikulala vizuri. Ijumaa Mkunjo akaondoka alfajiri kwa sababu kulikuwa na wageni wa harusi, na safari hii tena akaacha bakuli. Nikaona basi, sababu ninayo. Nikalibeba bakuli, na njia nzima nikawa nafanya mazoezi ya sauti: "Mwanangu, ndege aliyekupa mgongo usimfuate." Mara nzito, mara ya huruma. Watu walinipisha.

Miaka yote hiyo sikuwahi kuingia ndani kwenye chumba chake cha kazi. Huwa naishia getini. Siku ile mlinzi alinijua, aliniota mbuzi mwaka jana, samahani, alimwota mbuzi na mimi nikamfasiria, basi akanifungulia, akanionyesha ukumbi mrefu, mlango wa mwisho. Nikasukuma.

Joto, mvuke, harufu ya sabuni. Mashine kubwa tatu ukutani, mbili zinazunguka, moja imefunguliwa tumbo. Na katikati, juu ya meza ya kukunjia iliyojaa mwanga wa dirisha, bata maji.

Si mmoja. Meza nzima. Weupe, shingo ndefu, wamepangwa wawiliwawili wakitazamana, midomo imegusana.

"Mungu wangu!" nikasema, na bakuli likaniponyoka kidogo.

Mkunjo akageuka. "Shangazi! Umefuata nini huku?"

"Hawa ni nini?"

"Mataulo. Ya vyumba vya maharusi. Tunawawekea kitandani."

Na mbele ya macho yangu akachukua taulo kubwa, akalitandaza, akaviringisha upande huu kwenda katikati, na upande ule kwenda katikati, mpaka likachongoka mbele. Akashika ile ncha, akaikunja juu, akaipinda tena kichwa, akalisimamisha taulo. Bata maji. Muda wote huo alikuwa ananitazama mimi, wala haangalii mikono.

"Unatengeneza hawa kila siku?"

"Kila siku. Si nilishakwambia?"

Pengine alishaniambia. Mimi wakati anasimulia habari za kazini huwa nasikiliza cherehani. Nikakaa juu ya kapu la mashuka, nikaanza kazi yangu.

"Yule bata wa ndotoni alikuwa na miguu?"

Akafikiri. "Sikuiona."

"Manyoya?"

"Alikuwa laini tu. Kama ana mistari mistari."

"Harufu?"

Hapo mkono wake ukasimama hewani. "Sabuni," akasema polepole. "Alinukia sabuni."

Nikapiga paja. "Mwanangu, hiyo si ndoto! Hiyo ni zamu ya ziada! Mimi nikiota uzi umenasa kwenye sindano, nani ananiuliza maana yake? Huo ni uchovu. Umelala, mikono bado iko kazini. Hakuna maana hapo, si ya kwenda wala ya kubaki."

Nilijisikia bingwa. Sikusema "sijui", wala sikusema uongo. Kisha nikamwona uso.

Mabega yalimshuka. Alilitazama lile taulo alilokuwa amelisimamisha, akalishika shingo, akaliacha. "Kumbe hakuna kitu," akasema. "Basi. Nitamwambia Fundi hapana, nikae tu. Nilidhani labda..." Hakumaliza. Alisema kwa sauti ya mtu aliyeambiwa mashuka yote aliyofua yarudiwe.

Nimepata nilichokitaka. Neno limetoka kinywani mwake mwenyewe, mikono yangu safi. Ningeweza kumpa bakuli lake nikarudi nyumbani nikiimba. Lakini huyu mtoto nimemlea mimi, na yale mabega nayajua. Yalishuka vile siku tuliyomzika mama yake. Kile kitu kikanichoma.

Tena nikakumbuka kwamba swali langu la mwisho sikuuliza, lile ninalomuuliza kila mtu, hata mlinzi wa mbuzi.

"Mkunjo. Uliamka ukijisikiaje?"

"Vizuri tu."

"Usinidanganye."

Akachukua taulo jingine, akaanza kulikunja, likakataa. "Niliamka nimekasirika."

"Umemkasirikia bata?"

"Hapana."

"Umeikata ndoto wewe," nikasema, na sasa na mimi nikapandisha sauti. "Umeniletea nusu! Unajua vizuri kwamba ndoto iliyokatwa haifasiriki. Mtu anaenda kwa daktari akiwa ameacha mguu unaouma nyumbani? Sema yote."

"Shangazi, achana nayo."

"Sema!"

Ile mashine ya pili ikamaliza kuzunguka, chumba kikawa kimya. Mkunjo akajifuta jasho na taulo la maharusi, kosa ambalo siku nyingine asingelifanya hata kwa fimbo.

"Bata anakuwa ukingoni ananingoja," akasema. "Hageuki tu hivihivi, ananingoja kweli, mpaka natia mguu mmoja majini. Maji yana uvuguvugu. Nikitaka kutia wa pili, nasikia mtu ananiita kwa nyuma. Nageuka kuitika. Nikirudi kutazama, bata ameshaondoka."

"Anayekuita ni nani?"

Akaanza kulikunja tena lile taulo.

"Nani?"

"Wewe."

"Mimi! Nasemaje?"

Akainamisha kichwa. "Unasema, 'Mkunjo! Chumvi iko wapi?'"

Nilicheka. Wallahi nilicheka mpaka kapu likayumba, maana ndicho kitu ninachosema kila siku ya Mungu. Nikiweka sufuria motoni tu, hata kabla maji hayajachemka: Mkunjo, chumvi iko wapi? Na yeye popote alipo, awe anaoga, awe amelala, anaitika: iko hapohapo, shangazi! Kisha anakuja ananishikisha mkononi. Nikacheka, nikaona nacheka peke yangu. Na kicheko kikaniishia, kikaacha maumivu mahali pake. Ndoto tatu, bata anamngoja mtoto wa watu, na mimi nimesimama ufukweni na mwiko, naulizia chumvi.

"Hukutaka kuniambia," nikasema.

"Ningekuambiaje? Ungeumia."

"Nimeumia, ndiyo. Sijafa. Haya kaa chini, nakufasiria."

"Umesema haina maana."

"Nilipewa nusu! Kaa."

Akakaa kwenye kapu la pili. Nikarekebisha kanga, kwa sababu kazi ni kazi.

"Bata ni bata wa taulo, mwache, hana lolote. Ndoto yote iko kwenye chumvi. Na tafsiri yake ni hii, sikiliza vizuri, sirudii. Chumvi iko kwenye kopo la bluu, rafu ya juu, upande wa dirisha. Naijua. Nimeijua siku zote. Nilikuwa nakuita ili nisikie unaitika, basi. Lakini mkono ninao, na macho ninayo, na kuanzia Jumapili nitaichukua mwenyewe. Umesikia? Ukiniota tena nakuita, usigeuke. Endelea kutia mguu."

Mkunjo akanitazama. Akafungua mdomo kama anataka kusema kitu, akaufunga.

"La bluu?" akauliza.

"La bluu! Au hujui tena mpangilio wa jikoni mwako?"

Macho yakamjaa. Akacheka huku analia, akanikumbatia akiwa na lile taulo lenye jasho, akanikaza mpaka nikakosa pumzi. "Asante, shangazi," akawa anasema shingoni mwangu. "Asante. Asante."

Ndipo nilipoona miguu. Miguu ya mtu mzima, soksi za kijani, imetokeza chini ya ile mashine iliyofunguliwa tumbo. Ilikuwa imetulia tuli, kwa namna ambayo miguu ya mtu anayefanya kazi haitulii.

"Wewe uliye huko chini," nikasema. "Umesikia tuliyoyasema?"

"Shikamoo shangazi," sauti ikatoka ndani. "Sijasikia chochote."

"Marahaba. Muongo. Toka!"

Akatoka kinyumenyume, povu nywele zote, spana mkononi. Akasimama hajui amtazame nani. Mkunjo, aliyedhani Fundi ameenda kutafuta vipuri, akajikausha uso, akainua lile taulo lililokuwa limekataa kukunjika, akalikunja kwa pigo moja, akalisimamisha juu ya meza mbele yake.

"Ndiyo," akamwambia. "Jibu langu ni ndiyo."

Fundi akaangusha spana kwenye mguu wake mwenyewe. Aliruka, akapiga kelele, akacheka, na mashine ya tatu, ambayo alikuwa anadai haitengenezeki mpaka wiki ijayo, ikatengenezeka kabla ya chakula cha mchana.

Walifunga ndoa Jumamosi, ndogo, ya haraka, Mama Pacha akalia kuliko watu wote na akatangaza kwamba yeye alijua tangu kwenye simu. Jumapili nikawasindikiza kituo cha basi. Sikulia. Nilimgombeza Fundi kuhusu mizigo, nikamgombeza dereva, nikamgombeza mtu mmoja aliyekuwa anapita tu. Basi likaondoka, mkono wa Mkunjo ukiwa nje ya dirisha mpaka kona.

Nyumbani nikaweka maharage motoni. Nikafungua redio, nikaigombeza. Maji yakaanza kutoa mvuke, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Mkunjo! Chumvi iko wapi?"

Jamani, kimya kile. Nikasimama na mwiko wangu. Kisha nikajikaza, nikavuta kigoda, nikapanda, nikashusha kopo la bluu kwenye rafu ya juu, nikachota, nikatia, nikakoroga. Nikajisikia mtu mzima. Yalipoiva nikaonja.

Sukari.

Simu ikalia. Nyuma yake kulikuwa na mngurumo wa basi na mtu anakoroma, nadhani ni bwana harusi.

"Shangazi," Mkunjo akasema, "jekundu."

"Jekundu nini?"

"Kopo. Chumvi iko kwenye kopo jekundu, rafu ya chini. La bluu ni sukari. Miaka yote."

Nikakaa kwenye kigoda. "Kwa hiyo siku ile, pale kwenye mataulo, ulijua kwamba sijui."

"Nilijua."

"Na ukaenda hivyo hivyo?"

"Ulitaka sana niende, shangazi, mpaka ukadanganya mambo ya jikoni." Sauti yake ilitetemeka kidogo, au ilikuwa barabara. "Umeshatia?"

"Nitie nini? Mimi mtoto? Nimetia chumvi, tena imekolea sawasawa. Hebu niache nile, chakula kinapoa. Na usigeuke geuke huko, tazama mbele."

Nikakata simu. Nikapakua sahani kubwa, nikakaa mezani kwenye kiti chake, nikayala yale maharage ya sukari hadi ya mwisho.